Redio, Memori Kadi na Intaneti: Nani Atabeba Wimbo wa Shinyanga na Geita?

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mustakabali wa redio za muziki katika mikoa ya Shinyanga na Geita, ambako msikilizaji wa leo ana simu, memori kadi na intaneti. Hoja kuu ni kwamba mshindani wa kwanza wa redio katika eneo hili ni memori kadi, na kwamba memori kadi ilishinda kwa sababu ilibeba nyimbo ambazo redio haikuzipa nafasi. Yakitumia utaratibu wa mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma, kama kipimo, makala yanadai kuwa redio itadumu iwapo itarejea kwenye kazi tatu: kurekodi, kufafanua na kulipa.

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu mustakabali wa redio umetawaliwa na mifano ya nchi zenye intaneti ya bei nafuu na umeme wa uhakika. Norway ilizima matangazo ya FM ya vituo vyake vya kitaifa mwaka 2017 na kuhamia mfumo wa kidijitali. Shirika la utangazaji la umma la Uswisi lilifuata mwishoni mwa mwaka 2024. Huku kwetu, Spotify ilifungua huduma zake Tanzania mwaka 2021, ikakuta Boomplay, Audiomack na Mdundo zimeshajipatia wateja. Anayesoma habari hizo kwa haraka huona kwamba redio ya muziki inakufa kila mahali, na kwa ugonjwa uleule.

Hitimisho hilo halifai kupelekwa Kahama, Katoro au Nyarugusu kabla ya kupimwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,977,608 mkoani Geita na 2,241,299 mkoani Shinyanga, yaani zaidi ya watu milioni tano kwa pamoja. Mikoa hii ni ndugu hata kiutawala: Geita ilipoanzishwa mwaka 2012, ilimegwa kutoka Mwanza, Kagera na Shinyanga yenyewe. Uchumi wake unasimama juu ya pamba, mpunga, ng'ombe na madini. Almasi ya Mwadui inachimbwa tangu mwaka 1940. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi ulizalisha kuanzia 2009 hadi 2021. Pembeni ya migodi hiyo mikubwa wako wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko, wanaohama kila dhahabu inapotajwa. Wasukuma ndio wengi, lakini kwenye maduara (mashimo ya uchimbaji) na karasha (mashine za kusaga mawe) wanachanganyika na Wasumbwa, Wazinza, Waha, Wahaya, Wakurya na wageni kutoka nchi jirani.

Katika mazingira hayo, kuuliza kama intaneti itaiua redio ni kuanza na swali lisilo sahihi. Swali linalostahili kutangulia ni hili: redio ya muziki inawapa nini watu hawa ambacho hawakipati penginepo? Makala haya yanajibu kwamba kwa miaka mingi imewapa kidogo mno, na kwamba bado ina nafasi ya kuwapa kikubwa.

2. Redio ilipokuwa studio na maktaba

Utangazaji wa redio Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa kituo kidogo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Kufikia mwaka 1965 tulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, chombo cha serikali ambacho kwa karibu miaka thelathini hakikuwa na mshindani Tanzania Bara. Ukiritimba huo ulikuwa na madhara yake kwa uhuru wa habari, na wanahistoria wa vyombo vya habari wameyaeleza. Kwa upande wa muziki, hata hivyo, ulizaa jambo ambalo thamani yake tunaiona vizuri zaidi leo. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, na bendi zilizotaka santuri zililazimika kuitazama Nairobi. Kwa hiyo studio za RTD ndizo zilizorekodi bendi, kwaya, taarabu na ngoma. Redio ilikuwa studio, msambazaji na maktaba kwa wakati mmoja. Kanda zake zilibaki kuwa kumbukumbu kubwa kuliko zote za muziki wa nchi hii.

RTD pia ilijenga tabia ya kusikiliza pamoja. Vipindi vya salamu kama vile Mchana Mwema na Ugua Pole viliwafanya wasikilizaji wasubiri wimbo pamoja na jina. Mtu aliyetajwa redioni alitajwa mbele ya nchi nzima. Kadi za salamu ziliuzwa madukani, na vyama vya watuma salamu vikaundwa, baadhi yao wakajulikana kwa majina kuliko watangazaji wenyewe. Wimbo ulikuwa chombo cha kumfikia mtu wa mbali.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango. Radio One ikaanza mwaka 1994, na muda si mrefu Radio Free Africa ikasikika kutoka Mwanza na kuwa redio ya Kanda ya Ziwa kwa maana halisi. Baadaye vikaja vituo vya mahali: Radio Faraja mjini Shinyanga, Gold FM mjini Kahama, Storm FM mjini Geita. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Mkulima wa Bukombe alianza kusikia bei, vifo na mikutano ya kwao vikitangazwa na mtu anayevijua vijiji vyake.

Pamoja na hayo, jambo moja lilipotea bila kelele. Vituo vipya, kwa sehemu kubwa, havikurekodi muziki. Havikuwa na sababu ya kibiashara ya kufanya hivyo, kwa kuwa studio binafsi za Dar es Salaam zilitoa bongo fleva iliyokwisha kutengenezwa na wasanii wenyewe walikuwa na hamu ya kuchezwa. Alex Perullo, katika kitabu chake *Live from Dar es Salaam* cha mwaka 2011, ameeleza kwa kina jinsi uhusiano huo wa studio, msanii na mtangazaji ulivyojengeka, pamoja na fedha zilizopita chini ya meza ili wimbo usikike. Matokeo yake kwa kituo cha Shinyanga au Geita yalikuwa kwamba kilianza kuuza bidhaa ambayo hakikuitengeneza. Yeyote mwenye kompyuta angeweza kuiuza pia, na ndivyo ilivyotokea.

3. Memori kadi: mshindani aliyesahaulika

Katika miji midogo na makambi ya wachimbaji wa kanda hii, biashara ya muziki inafanyika kwenye kibanda chenye kompyuta, spika na kijana anayejua kila wimbo uko wapi. Mteja anakuja na simu au flashi, anataja anachotaka, na kwa fedha kidogo anarushiwa nyimbo. Nyimbo hizo zinasikika kwenye simu ndogo ya kitochi, kwenye redio ndogo yenye tundu la memori inayofungwa kwenye usukani wa baiskeli, kwenye sabufa ya baa na kwenye gari la abiria.

Nguvu ya kifaa hiki inaonekana kwa hesabu nyepesi. Wimbo wa dakika tano uliohifadhiwa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde unachukua karibu megabaiti 4.8. Kadi ya gigabaiti nane inabeba takriban nyimbo 1,600 za urefu huo. Kuusikiliza muziki wa kiwango hichohicho moja kwa moja mtandaoni kwa saa moja kunamaliza karibu megabaiti 58 za bando. Anayesikiliza saa tano kwa siku atahitaji zaidi ya gigabaiti nane kwa mwezi. Kwa mchimbaji ambaye hajui duara litatoa lini, tofauti hiyo inatosha kuamua. Tena, mawimbi ya FM hayapenyi mwamba. Anayefanya kazi chini ya ardhi hawezi kupata redio wala intaneti, lakini memori kadi anashuka nayo.

Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zinaonyesha kuwa laini zinazotumia intaneti nchini zilipita milioni 30 kufikia mwaka 2023. Ukuaji huo ni wa kweli, lakini laini si mtu, na kuwa na intaneti hakumaanishi kuwa na bando la kusikilizia muziki kutwa nzima. Wengi wanaitumia intaneti kama kisima: mmoja anateka, kisha wote wanagawana kwa memori na kwa kurushiana. Mdundo, kampuni iliyoanzia Nairobi, iliuelewa mwenendo huu ilipojenga biashara juu ya kupakua nyimbo zenye matangazo ya biashara ndani yake.

Urahisi peke yake hautoshi kueleza ushindi wa memori kadi. Kijana wa kibandani alikuwa na kitu ambacho redio nyingi hazikuwa nacho: ngoma za wigashe na bugobogobo, na nyimbo za manju (waongoza ngoma) wa Kisukuma walioalikwa kwenye harusi za vijiji vya jirani. Mteja aliyetaka wimbo wa kwao aliukuta kwenye kibanda baada ya kuusubiri redioni bila mafanikio. Redio ilikuwa imeshapoteza sehemu hiyo ya hadhira yake kabla majukwaa ya mtandaoni hayajafika.

4. Ngoma mbili katika uwanja mmoja

Usukuma una nadharia yake ya ushindani wa kuvutia wasikilizaji, na ni ya kale kuliko redio. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vilivyoasisiwa na Ngika na Gumha, hushindana baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila moja upande wake. Watazamaji huanza katikati, husikia huku na huku, kisha husogea wanakovutwa. Kundi lenye watu wengi mwishoni ndilo lililoshinda. Manju hujiandaa kwa nyimbo mpya, kwa mafumbo yanayowagusa watu wanaojulikana, kwa nyoka, kwa vituko na kwa dawa za mvuto.

Frank Gunderson, katika utafiti wake wa nyimbo za kazi za Wasukuma uliochapishwa mwaka 2010, anaonyesha jinsi nyimbo hizi zilivyofungamana na kulima, kuwinda, kubeba mizigo ya misafara na kupambana na wezi. Wawindaji wa nungunungu walikuwa na zao, wachezaji wa nyoka zao, na sungusungu, walinzi wa jadi walioibuka maeneo ya Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikuwa na zao pia. Nyimbo hizo zilisafiri mamia ya kilomita bila mnara wa kurushia matangazo.

Mambo mawili yanajitokeza hapa kuhusu redio. La kwanza, katika utamaduni huu msikilizaji hana deni la uaminifu kwa mwimbaji yeyote. Anayelalamika kwamba vijana wameihama redio anasahau kwamba kuhama ndiyo hukumu yenyewe, na aliyehamwa hujirudi akatunge upya. Redio isitegemee kulindwa kwa sheria dhidi ya simu. La pili, manju alishinda kwa kuwataja watu wa pale, kwa matukio ya msimu ule. Wimbo wa mwaka jana uliochezwa kijiji kingine haukusogeza mtu. Kituo cha Geita kinachopiga orodha ya nyimbo ileile inayopigwa Dar es Salaam kinaingia uwanjani na wimbo ambao hadhira yote inao tayari mfukoni.

5. Ilichotoa intaneti na ilichoshindwa kutoa

Haki itendeke kwa intaneti. YouTube imewafanyia waimbaji wa Kisukuma jambo ambalo hakuna redio iliyowahi kuwafanyia. Msanii kama Bhudagala sasa anatazamwa na kusikilizwa mbali na Usukuma, na video za harusi na sherehe za vijijini zinapandishwa zikiwa na majina ya wenyeji walioalika. Mfumo huu unafuata uchumi wa asili wa manju, ambaye hulipwa na aliyemwita, huku wimbo ukibaki tangazo la kumletea mwaliko unaofuata. Video inayosambaa inampa harusi nyingine. Atakayesema kwamba waimbaji hawa wanaihitaji redio ili wajulikane amechelewa.

Hata hivyo kuna mapengo matatu. Pengo la kwanza ni la kumbukumbu. Jina la msanii mmoja linaandikwa kwa tahajia tatu au nne, wimbo mmoja unapandishwa na watu watano, na mwaka wa kurekodiwa hautajwi. Akaunti ikifungwa au simu ikiibiwa, kazi inapotea. Linganisha na rekodi alizozifanya mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950, ambazo zinahifadhiwa na kusikilizwa hadi leo katika maktaba aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Ni jambo la kusikitisha kwamba wimbo wa Kisukuma wa mwaka 1950 unaweza kupatikana kwa uhakika zaidi kuliko wa mwaka 2010.

Pengo la pili ni la maelezo. Msumbwa au Mha aliyeko Katoro anausikia wimbo wa Kisukuma kila siku na kuucheza, lakini hamjui anayetaniwa ndani yake wala tukio lililouzaa. Mtambo wa kupendekeza nyimbo unajua kwamba aliyesikiliza huu alisikiliza na ule, na haujui zaidi ya hapo.

Pengo la tatu ni la kusikia kwa pamoja. Kila mwenye simu anasikia lake kwa wakati wake. Hakuna saa ambayo mama wa Shinyanga mjini na mwanawe aliyeko machimboni wanajua kwamba wanausikia wimbo mmoja, jina lao likitajwa. Katika kanda ambayo vijana wake wanahama kufuata dhahabu, hasara hiyo si ndogo.

6. Lugha na hofu ya ukabila

Pingamizi zito zaidi dhidi ya redio ya nyimbo za mahali linahusu umoja wa kitaifa. Masharti ya utangazaji nchini yamekuwa yakitaka matangazo yawe kwa Kiswahili au Kiingereza, na lugha nyingine kwa idhini ya mamlaka. Jirani zetu walichagua tofauti. Kenya ilipata Kameme FM ya Kikikuyu mwaka 2000, na vituo vya lugha nyingine vikafuata na kupata wasikilizaji wengi. Lakini baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, mtangazaji Joshua arap Sang wa Kass FM, redio ya Kikalenjin, alifikishwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kabla ya kesi hiyo kufutwa mwaka 2016. Na hakuna asiyekumbuka RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari Rwanda, ya mwaka 1993 na 1994. Anayeiogopa redio ya kikabila ana sababu.

Naiheshimu hofu hiyo, na siamini kwamba inatulazimisha kunyamaza. Sharti la lugha linahusu utangazaji, na wimbo wa lugha ya mama una mahali pake ndani ya kipindi cha Kiswahili. Mtangazaji anayecheza wigashe kisha akaeleza kwa Kiswahili nani ameimba, kwa nini, na fumbo linamlenga nani, anamfungulia Mha mlango wa Usukuma. Kesho akifanya hivyohivyo kwa wimbo wa Kisumbwa au Kizinza, anawafungulia Wasukuma mlango wa jirani zao. Kiswahili kinafanya hapa kazi kiliyoifanya siku zote katika nchi hii, ya kuwakutanisha watu ambao kila mmoja amekuja na chake. Hatari iko kwenye redio inayowasemesha watu wa kabila moja huku wengine wasielewe. Redio inayofafanua inafanya kinyume chake.

7. Kazi tatu za redio itakayodumu

Kazi ya kwanza ni kurekodi. Kituo cha wilaya hakihitaji studio ya kifahari. Kinasa sauti kizuri, maikrofoni mbili na mtangazaji anayekwenda uwanjani msimu wa ngoma vinatosha kuanzia. Kila rekodi iandikwe jina la manju, kijiji, tarehe na aina ya ngoma, na nakala yake ihifadhiwe nje ya kituo. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyojengwa kwa juhudi za Padri David Clement na ambako sherehe za Bulabo huwakutanisha Bagika na Bagalu kila mwaka, ni mshirika wa wazi. Kituo kinachorekodi kinakuwa na kitu ambacho memori kadi italazimika kukifuata kwake.

Kazi ya pili ni kufafanua. Hapa ndipo mtangazaji anapostahili mshahara wake. Akipiga nyimbo bila kusema neno, kadi ya gigabaiti nane inamshinda kwa wingi na kwa bei. Akimwalika manju aeleze, akipokea simu kutoka Rwamgasa ya anayebisha, akitaja majina na kurudisha salamu, anatoa kisichoweza kuhifadhiwa kwenye kadi.

Kazi ya tatu ni kulipa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, lakini ni Januari 2022 ambapo Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii, tukio lililopokelewa kama mwanzo mpya. Baadaye sheria ikaingiza tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kunakilia na kuhifadhia kazi, ambayo kimantiki inagusa uchumi wa memori moja kwa moja. Mirabaha hugawiwa kwa kazi iliyosajiliwa na matumizi yaliyoandikwa. Manju wa kijijini ambaye hajasajili wimbo, na kituo ambacho hakiandiki kilichocheza, wote wanabaki nje ya hesabu. Kituo cha mahali kinaweza kuwa ofisi ya kwanza ya msanii: kumsajilisha, kuandika matumizi kwa uaminifu, na kuacha kabisa desturi ya kumtoza ili achezwe.

Kuna atakayeuliza fedha zitatoka wapi, kwa kuwa matangazo makubwa ya biashara yanapangwa Dar es Salaam kwa vituo vyenye orodha ya nyimbo inayojulikana. Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba kwa kuiga vituo vikubwa, kituo kidogo kinashindania fedha ambazo wakubwa wameshazipata. Wauza pembejeo, wanunuzi wa pamba, maduka ya vifaa vya uchimbaji, wauza mifugo na wenye harusi wana fedha zao, na wanatafuta masikio ya hapahapa. Vituo vingi tayari vinaishi kwa matangazo hayo. Kilichobaki ni muziki wao ufanane na wateja wao.

8. Hitimisho

Redio ya muziki ya Shinyanga na Geita haina sababu ya kufa mikononi mwa intaneti. Wimbi la FM bado halidai bando, na kitochi bado kinalipokea. Lakini kituo kinachocheza tu kilichopikwa kwingine hakina tena kazi, kwa kuwa kazi hiyo imeshachukuliwa na kijana wa kibandani, naye anaifanya vizuri zaidi. Wenye vituo wapeleke vinasa sauti uwanjani msimu ujao wa ngoma. TCRA itambue na kuhimiza kipindi kinachocheza wimbo wa lugha ya mama na kuufafanua kwa Kiswahili. COSOTA ishuke hadi Katoro na Kahama kuwasajili manju pale wanapoimba. Vyuo vyetu vya muziki na uandishi wa habari vimfundishe mtangazaji kusikiliza ngoma kama anavyofundishwa kusoma habari. Yakifanyika hayo, watu watasogea upande wa redio kwa hiari yao. Yasipofanyika, tusiilaumu simu.